"Swichi Iliyofungwa": Uhakiki wa Istilahi za Kififisha Mwanga cha Mosfeti

Rasimu tunayoihakiki hapa ni mwongozo wa mafundi umeme uliotafsiriwa kutoka Kiingereza, pamoja na orodha ya istilahi zilizoambatishwa mwishoni mwake. Mwongozo wenyewe waeleza jinsi ya kuunda na kufunga ukutani kifaa cha kupunguza mwanga wa taa kwa kutumia transista za aina ya mosfeti, zinazokata na kuunganisha umeme wa nyumbani wa mkondo geu. Ni jambo la kufurahisha kuona kazi ya namna hii ikifanywa kwa Kiswahili. Mafundi wetu wengi hujifunza kwa macho na mikono, na kitabu kinachowaeleza sababu za mambo katika lugha wanayoiota usiku kina thamani kubwa.

Hata hivyo, thamani hiyo ndiyo inayotulazimisha kuwa wakali. Istilahi mbaya ya ushairi humchosha msomaji. Istilahi mbaya ya umeme huweza kumwua. Katika rasimu hii imo sentensi moja ambayo, ikifuatwa na fundi mwenye kukijua Kiswahili vizuri, itamfanya ashike waya wenye volti 230 akiamini kwamba hauna kitu. Kabla ya kuifikia sentensi hiyo, hatuna budi kukieleza kwanza kitu chenyewe, maana istilahi haiwezi kuhakikiwa na mtu asiyejua kinachotajwa.

I. Kitu chenyewe

Umeme unaoletwa majumbani mwetu ni wa mkondo geu: hugeuza mwelekeo wake na kurudi tena mara 50 kwa kila sekunde. Kila mzunguko una nusu-wimbi mbili, moja ya chanya na moja ya hasi, na kila nusu-wimbi huchukua milisekunde 10. Volti 230 tunazozitaja ni kipimo cha wastani maalumu. Kilele cha kila nusu-wimbi hufikia volti 325 hivi, kisha hushuka hadi sifuri na kuanza upande wa pili.

Kupunguza mwanga wa taa kwa njia ya zamani kulifanywa kwa kuweka kikinzani kikubwa mbele yake. Njia hiyo hupoteza umeme. Tukichukua taa ya wati 100, na tukadhani kwamba ukinzani wake haubadiliki, kikinzani kitakachoigawia nusu ya volti kitakula wati 25 sawasawa na taa yenyewe, na wati hizo zote zitakuwa joto la bure. Njia ya kisasa ni tofauti kabisa. Haipunguzi kimo cha wimbi, bali hukata kipande chake. Katika kila nusu-wimbi swichi ya elektroniki huunganisha kwa muda fulani na kukata kwa muda uliobaki, mara 100 kwa sekunde, na jicho huona mwanga uliotulia.

Mosfeti hufaa kwa kazi hiyo kwa sababu huamriwa kwa volti, si kwa mkondo. Lango lake limetengwa na sehemu nyingine kwa utando mwembamba wa oksidi ya silikoni, kitu cha jamii ya kioo. Likitiwa volti 10 hadi 15 kuliko chimbuko, njia hufanyika ndani ya silikoni na umeme hupita. Likiondolewa chaji, njia hutoweka. Lakini mosfeti moja haiwezi kuukata mkondo geu peke yake, kwani ndani ya umbo lake imezaliwa na diodi inayopitisha umeme upande mmoja hata lango likiwa halina kitu. Kwa hiyo huwekwa mosfeti mbili zilizopeana migongo, machimbuko yao yameunganishwa na malango yao yameunganishwa. Moja huzuia nusu-wimbi za chanya, nyingine huzuia za hasi.

Hayo yakishaeleweka, tuitazame lugha ya rasimu.

II. Funga na fungua

Sentensi tuliyoitaja yasema hivi: "Kabla ya kugusa nyaya za taa, hakikisha kwamba swichi imefunguliwa." Mfasiri ameifuata asili yake neno kwa neno. Katika Kiingereza, swichi au saketi huhesabiwa kuwa "imefungwa" pale ncha zake zinapogusana na umeme ukapita, na huhesabiwa kuwa "imefunguliwa" pale ncha zinapoachana na umeme ukakoma. Sura iliyo akilini mwao ni ya duara: duara likifungwa limekamilika.

Sura iliyo akilini mwa Mswahili ni ya bomba na mlango. Tukifungua bomba, maji hutoka; tukilifunga, hukoma. Tukifungua redio, husema, tukiifunga, hunyamaza. Mtu akiambiwa "fungulia umeme" huelewa kwamba umeme utaanza kupita. Basi msomaji wa mwongozo huu atakaposoma kwamba swichi lazima iwe imefunguliwa kabla hajagusa nyaya, aifanye nini? Akiwa amewahi kusoma fizikia kwa Kiingereza, huenda akafahamu. Akiwa amekulia kazini mwa fundi, atawasha umeme kisha ashike waya wa moto kwa mkono mtupu, naye atakuwa ameitii lugha yake kikamilifu.

Zaidi ya hayo, kitenzi "funga" kina maana ya tatu katika kazi hii hii. Fundi "hufunga umeme" katika nyumba mpya, yaani huweka nyaya, soketi na taa. Katika ukurasa mmoja wa rasimu tumekuta "funga swichi ukutani", "funga swichi ili taa iwake" na "mosfeti ikifungwa mkondo husimama". Neno moja limebeba kazi tatu: kuweka, kupitisha na kuzuia. Mbili kati yake ni kinyume kabisa.

Wapo watakaodai kwamba masomo ya fizikia yamekwisha zoea kusema saketi imefungwa, na kwamba si vizuri kuvuruga mazoea. Hoja hiyo ina uzito wake darasani, ambako mwalimu yupo na ubao upo. Haina uzito katika mwongozo unaosomwa na mtu aliye peke yake juu ya ngazi. Tena mazoea hayo hayajaenea nje ya darasa, ilhali mazoea ya "funga redio" yameenea kwa kila mwenye redio. Istilahi ikipingana na usemi wa watu wote, itakayoshindwa ni istilahi.

Pendekezo letu ni kwamba jozi ya "funga" na "fungua" iachwe kabisa katika kueleza hali ya swichi yoyote, iwe ya kidole au ya elektroniki. Lugha inayo maneno mengine yasiyo na utata: swichi "huunganisha" na "hukata", njia "hupitisha" na "huzuia", saketi "imekamilika" au "imekatika". Kwa mtumiaji wa kawaida, "washa" na "zima" yanatosha. Kitenzi "funga" kibaki na kazi ambayo mafundi wamekwisha kumpa, yaani kuweka kifaa mahali pake. Sentensi ya rasimu isomeke: "Kabla ya kugusa nyaya za taa, kata umeme kwenye meni swichi, kisha upime kwa testa uhakikishe kwamba hakuna umeme."

III. Kuzima, kukata na kutenga

Msomaji mwangalifu ataona kwamba katika sentensi hiyo tumeongeza meni swichi, wala hatukuridhika na swichi ya kififisha mwanga. Hapa ipo tofauti ambayo rasimu imeifuta. Yenyewe hutumia "zima" kwa kila hali ya kutowaka: taa imezimwa, mosfeti imezimwa, umeme umezimwa.

Swichi ya kidole ikikata, baina ya ncha zake hubaki nafasi ya hewa. Mosfeti ikizuia, hakuna nafasi ya hewa. Silikoni ile ile ingali imeunganishwa na waya wa moto upande mmoja na taa upande wa pili, na mkondo mdogo huendelea kuvuja. Isitoshe, vififisha mwanga vingi vya nyaya mbili hupata umeme wa kujiendeshea kupitia taa yenyewe, hata wakati taa haiwaki. Ndiyo sababu baadhi ya taa za LED huonekana zikimulika kwa mbali usiku baada ya kuzimwa. Taa imezimwa, lakini waya wake haujatengwa na umeme.

Kwa hiyo tunahitaji ngazi tatu za maneno, si moja. "Kuzima" ni kuifanya taa isiwake, bila kujali kwa njia gani. "Kuzuia" ni hali ya mosfeti isiyopitisha, pamoja na uvujaji wake mdogo. "Kutenga" ni kuachanisha waya na chanzo cha umeme kwa nafasi ya hewa, kiasi kwamba mtu aweza kuushika. Kutokana na neno hili la mwisho twapata "kitenga", kwa maana ya swichi iliyoundwa kwa usalama wa fundi. Sheria ya kukumbuka ni fupi: kila kilichotengwa kimezimwa, lakini si kila kilichozimwa kimetengwa. Mwongozo ulioandikwa kwa neno moja tu hauwezi kuitamka sheria hiyo, hata mwandishi wake angeijua.

IV. Chanzo, lango na mfereji

Mosfeti ina miguu mitatu. Orodha ya rasimu imeiita "chanzo", "lango" na "mfereji". Tunakubali lango. Mawili yaliyobaki hatuyakubali, kila moja kwa sababu yake.

"Chanzo" kimekwisha chukuliwa. Katika umeme wote, chanzo ni mahali umeme utokapo: betri, jenereta, mtambo wa maji. Rasimu yenyewe yasema "unganisha chanzo na chanzo", ikikusudia machimbuko ya zile mosfeti mbili. Fundi atakayeisoma kwa haraka aweza kuunganisha machimbuko hayo na waya wa umeme wa nyumba, na kazi yote itaharibika kabla haijaanza. Tunapendekeza "chimbuko". Neno hili lina maana ile ile ya mahali jambo litokapo, lakini halijapewa kazi nyingine katika fani hii.

"Mfereji" una tatizo kubwa zaidi. Rasimu imelitumia kutaja mguu ambao umeme hutokea. Lakini ndani ya mosfeti kuna kitu cha nne kisicho mguu: ile njia nyembamba inayofanyika chini ya lango, kati ya miguu miwili, pale lango linapochajiwa. Njia hiyo ndiyo roho ya kifaa. Rasimu imeiita "chaneli", neno ambalo kwa wasomaji wetu ni stesheni ya televisheni. Ajabu ni kwamba lugha inalo neno halisi la njia iliyochimbwa ya kupitishia maji, nalo ni mfereji. Wakulima wa miteremko ya Kilimanjaro wamechimba mifereji kwa karne nyingi, wakiweka lango la kuruhusu au kuzuia maji. Kulitoa neno hili mahali pake, kulibandika kwenye mdomo wa kutokea, na kisha kuazima "chaneli" kwa ajili ya mfereji wenyewe, ni kazi ya mtu aliyetazama kamusi bila kutazama kifaa.

Kwa mguu wa kutokea tunapendekeza "mlizamu". Katika nyumba za pwani, mlizamu ni kile kipitisho kinachoyaongoza maji ya mvua kutoka darini na kuyamwaga nje. Hivyo picha nzima yasimama kwa maji: chimbuko, mfereji, mlizamu, na lango linalosimamia mfereji. Mwanafunzi akishaelezwa mara moja, hatahitaji kukariri.

Yafaa tutoe tahadhari mbili. Ya kwanza ni kwamba picha ya maji isituchukue mbali. Rasimu yasema mahali pamoja kwamba "mkondo hupita langoni". Haupiti. Lango la mosfeti limezibwa kwa oksidi. Mkondo hupita mferejini, chini yake. Lango hupokea chaji kidogo tu wakati wa kubadili hali, kisha hutulia. Kwa hiyo tuseme "kulichaji lango" na "kuliondolea chaji", wala tusiseme kulifungua na kulifunga, tusije tukarudi kwenye matope tuliyotoka.

Tahadhari ya pili ni kwamba volti ya lango lazima itajwe daima pamoja na mahali inapopimiwa. Rasimu yaandika "lipe lango volti 12". Kutoka wapi? Si kutoka ardhini, wala kutoka waya wa nyutro, bali kutoka chimbuko. Katika saketi hii machimbuko yenyewe hupanda na kushuka pamoja na umeme wa nyumba, na mosfeti za kawaida za kazi hii hazivumilii zaidi ya volti 20 kati ya lango na chimbuko. Fundi atakayehesabu volti 12 kutoka nyutro atautoboa utando wa oksidi mara ya kwanza atakapowasha. Istilahi kamili basi ni "volti ya lango-chimbuko", na isifupishwe.

V. Kipunguza volti au kififisha mwanga?

Rasimu imekiita kifaa kizima "kipunguza volti". Jina hilo lingefaa kwa transfoma. Hapa lapotosha, kwa sababu kilele cha volti 325 hakipungui hata kidogo mpaka nusu ya wimbi iwe imekatwa. Kinachopungua ni muda. Nayo hesabu ya muda haiendi sambamba na hesabu ya umeme. Swichi ikiunganisha kwa milisekunde 5 kati ya 10, taa hupata nusu kamili ya nguvu yake, kwa kuwa wimbi limegawanyika sawasawa kileleni. Ikiunganisha kwa milisekunde 2.5 za kwanza, yaani robo ya muda, taa haipati robo ya nguvu. Hupata asilimia 9 tu, kwa kuwa kipande hicho cha wimbi bado kiko chini. Mtu anayedhani anapunguza volti hatazielewa hesabu hizo.

Wengine wamependekeza "dima". Hatulikatai kwa ukali, kwani ni fupi na mafundi huenda wakalipenda. Lakini halimwelezi kitu mwananchi, na lugha imekwisha jenga mtindo wake madhubuti wa kutaja vifaa kwa kazi zao: kipaza sauti, kinasa sauti, kipimajoto. Kwa mtindo huo huo twapata "kififisha mwanga". Mwanga hufifia, kifaa huufifisha. "Kipunguza mwanga" lingeweza kusimama, ila hata pazia hupunguza mwanga.

Kisha yako majina ya njia mbili za kukata. Vififisha vya triaki huacha mwanzo wa nusu-wimbi upotee, kisha huunganisha hadi sifuri. Triaki ikishaanza kupitisha haiambiliki tena. Hukoma mkondo unapokaribia sifuri. Mosfeti yaweza kukatwa wakati wowote, kwa hiyo vififisha vyake huunganisha wakati wimbi liko sifuri na kukata katikati, wakiacha mwisho wa nusu-wimbi upotee. Rasimu yaziita njia hizi "ukingo unaoongoza" na "ukingo unaofuata". Nani anaongoza, na anamwongoza nani? Hizi ni tafsiri za maneno, si za mambo. Tunapendekeza "ukataji wa mwanzo" na "ukataji wa mwisho", na katika maongezi ya karakana haitakuwa dhambi kusema kukata kichwa na kukata mkia.

Tofauti hii si ya mapambo. Ukataji wa mwanzo hupandisha volti ghafla, na balbu ya waya huweza kuvuma. Ukataji wa mwisho huanza taratibu kutoka sifuri, na mwishoni mosfeti yaweza kuamriwa ikate polepole kwa makumi ya mikrosekunde, ili isichafue redio za jirani. Kwa upande mwingine, ukataji wa mwisho haufai kwa mzigo wa koili, kama transfoma ya kawaida ya waya, maana koili ikikatiwa mkondo ghafla hurusha volti kubwa inayoweza kuiua mosfeti. Fundi asiyejua amenunua kifaa cha njia ipi atakifunga mahali pasipostahili. Jina ndilo litakalomwonya, endapo jina lenyewe linaeleweka.

VI. "Imeungua"

Mafundi wetu wana neno "kuungua" kwa kila kifaa kilichokufa. Rasimu imelichukua neno hilo bila kulichambua: "mosfeti ikiungua, ibadilishe". Kwa fyuzi na balbu, kuungua maana yake ni kukatika, kilichoungua hakipitishi. Kwa mosfeti, mara nyingi ni kinyume chake. Ikiharibika, chimbuko na mlizamu hushikana, nayo hupitisha bila kizuizi. Zikiharibika zote mbili, taa itawaka kwa nguvu zote na haitakubali kufifishwa wala kuzimwa. Ikiharibika moja, ile nzima itazuia upande mmoja tu, na nusu-wimbi za upande wa pili zitapita kwenye diodi yake wakati wote.

Msomaji aliyezoea balbu ataona "mosfeti imeungua" na kukata shauri kwamba umeme haufiki kwenye taa. Ni kosa lile lile la sehemu ya pili, limekuja kwa mlango mwingine. Dawa iko midomoni mwa mafundi wenyewe. Wanalo neno "shoti", na kila mtu analielewa. Tuandike "mosfeti imepiga shoti" pale inapopitisha bila kuamriwa, na "imekatika" pale isipopitisha kabisa. "Kuungua" kubaki kueleza moshi na harufu.

VII. Kuhusu jina "mosfeti"

Orodha ya rasimu ina jina refu kupita yote: "transista ya athari ya uga ya metali-oksidi-nusukipitishi", na kifupisho kilichoundwa kutokana na herufi zake za mwanzo. Juhudi tunaisifu, matokeo hatuyapendekezi.

Kwanza, kifupisho hicho hakijulikani na yeyote. Fundi akienda dukani nacho atarudi mikono mitupu. Pili, lugha yetu imekwisha kuamua shauri hili siku nyingi kwa vitu vya namna hii. "Rada" na "leza" yalikuwa vifupisho vya maneno ya Kiingereza, nasi tuliyapokea yakiwa mazima, tukayapa irabu zetu, wala hakuna aliyepungukiwa na chochote. Tatu, na hii ndiyo sababu kubwa, tafsiri hiyo haisemi kweli tena. Mohamed Atalla, mzaliwa wa Misri, na Dawon Kahng, mzaliwa wa Korea, walipoiunda mosfeti ya kwanza katika maabara za Bell huko Marekani mwaka 1959, lango lake lilikuwa la metali kweli. Baadaye malango ya mosfeti nyingi, zikiwemo hizi za nguvu kubwa, yalianza kutengenezwa kwa silikoni. Kiingereza kimebaki na herufi ya metali kama jina la ukoo ambalo hakuna anayeuliza maana yake. Sisi tukilifasiri leo herufi kwa herufi, tutamfundisha mwanafunzi kwamba lango ni la metali, hali silo.

Basi na iwe "mosfeti", katika ngeli ya "transista" na "diodi": mosfeti hii, mosfeti hizi. Maelezo ya uga na oksidi yawekwe katika fasili, ambako ndiko mahali pake.

VIII. Tamati na mapendekezo

Isidhaniwe kwamba rasimu haina mema. "Mzigo" kwa kifaa kinachotumia umeme ni chaguo zuri, na "nusu-wimbi" vilevile. Michoro yake ni safi. Wafasiri wamefanya kazi ngumu katika uwanja ambao wengi wetu huukwepa. Makosa yao yana chanzo kimoja: waliketi na maneno ya Kiingereza, hawakuketi na fundi. Tungeshauri kwamba kila orodha ya istilahi za ufundi, kabla haijafikishwa kwenye kikao cha usanifishaji, isomwe kwa sauti mbele ya mafundi wawili au watatu, nao waulizwe swali moja kwa kila sentensi: ukisikia hivi, utafanya nini kwa mkono wako? Jibu lao likitofautiana na kusudi la mwandishi, istilahi imeshindwa, hata ikiwa imeundwa kwa kufuata kanuni zote za mofolojia.

Tunaziweka hapa istilahi tunazozipendekeza, ili wasomaji wazijadili:

Kififisha mwanga: kifaa kinachopunguza mwanga wa taa kwa kukata sehemu ya kila nusu-wimbi.

Mosfeti: transista inayoamriwa kwa volti ya lango lililotengwa kwa oksidi.

Lango: mguu unaopokea volti ya kuamuru; mkondo wa mzigo haupiti ndani yake.

Chimbuko: mguu ambao volti ya lango hupimiwa.

Mlizamu: mguu wa upande wa pili wa mfereji.

Mfereji: njia ya umeme inayofanyika chini ya lango.

Ukataji wa mwanzo. Ukataji wa mwisho: njia mbili za kupunguza nusu-wimbi, kwa kuacha sehemu yake ya kwanza au ya mwisho ipotee.

Kuunganisha, kukata: vitendo viwili vya swichi, badala ya kufunga na kufungua.

Kuzuia: hali ya mosfeti isiyopitisha, pamoja na uvujaji mdogo.

Kutenga, kitenga: kuachanisha waya na umeme kwa nafasi ya hewa, swichi ifanyayo hivyo.

Kupiga shoti, kukatika: aina mbili za uharibifu, zisichanganywe katika neno "kuungua".

Wenye mawazo tofauti wasisite kutuandikia, hasa wale ambao mikono yao hushika nyaya kila siku. Kuhusu "mlizamu" tuko tayari kushawishiwa. Kuhusu "swichi iliyofunguliwa" hatuko tayari, na tunaomba rasimu isipigwe chapa kabla sentensi hiyo haijaondolewa.